Barua Ziombe Sasa, Udaktari Utakungoja

Swali limetoka kwa msomaji wa Lamu. Nimelifupisha kidogo:

«Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni. Mwezi wa tano nilimaliza digrii ya biolojia katika chuo kimoja cha Minnesota, nikarudi nyumbani kwa kuwa mama anaugua na mimi ndiye mkubwa. Nataka kuomba vyuo vya udaktari vya Marekani, ila si kabla ya miaka miwili. Kwa sasa najitolea hospitali ya kaunti siku tatu kwa wiki. Je, barua za mapendekezo niziombe sasa au ningoje nikaribie kuomba? Nikiziomba sasa zitakaa wapi? Profesa wangu wa kemia anastaafu mwakani. Na daktari wa hapa akiniandikia, Wamarekani wataijali barua yake? Kusema kweli naona haya kuwasumbua watu.»

Marahaba, mwanangu, na Mungu amponye mama.

Swali la kwanza jibu lake ni fupi: ziombe sasa. Usingoje mwakani, wala usingoje mambo yatulie, maana mambo ya nyumba yenye mgonjwa hayatulii kwa tarehe. Ziombe wiki hii. Maneno yote yanayofuata ni ya namna ya kuziomba, na ya mahali pa kuziweka zisiharibike.

Kabla sijarudi Malindi nilikaa miaka 11 katika ofisi ya ushauri ya chuo kimoja cha huko Marekani, na wanafunzi wangu walikuwa hao hao wanaotaka udaktari. Mwaka wangu wa pili kazini alinijia kijana mmoja, mpole, alama zake nzuri, akanambia anataka kufanya kazi miaka miwili kwanza asaidie kwao. Nikamwambia nenda, barua utaziomba ukirudi, zitakuwa mpya. Ushauri huo niliutoa mimi, kwa kinywa changu, na niliutoa nikiamini ni wa busara. Aliporudi, mwalimu wake wa kemia alikuwa ameshaondoka. Kumbe alikuwa wa mkataba, na barua pepe ya chuo ilifungwa siku mkataba ulipokwisha. Profesa wa fiziolojia alikuwapo, lakini nilipompigia simu kumwombea yule kijana aliniuliza: «Ni yule mrefu aliyekuwa akikaa mbele, au ni yule mwenye miwani?» Hakuwa yeyote kati ya hao wawili. Barua ilikuja, mistari minane, sita kati yake ikisoma alama ambazo tayari zilikuwa kwenye karatasi ya matokeo. Mwaka ule hakupata chuo. Siwezi kuapa kwamba ni barua tu iliyomwangusha, lakini tangu siku ile sikumwambia mtu mwingine angoje.

Ukae ukijua barua hizi zina kazi gani, maana sisi tumelelewa katika mpango mwingine. Huku kwetu anayetaka udaktari hufanya KCSE, KUCCPS wakaangalia alama zake, akapangiwa chuo, basi. Hakuna anayeulizwa mwalimu wake alimwonaje. Kule udaktari husomwa miaka minne baada ya digrii ya kwanza, na wanaoomba karibu wote wana alama nzuri. Kinachobaki ni kujua huyu ni mtu wa namna gani akichoka, akikosea, akikaa na mtu asiyempenda. Chama cha vyuo vya udaktari cha Marekani, AAMC, chenyewe hakiziiti barua za mapendekezo. Huziita barua za tathmini, na mwongozo wao unamtaka mwandishi aeleze amekujua kwa muda gani na kwa njia gani, kisha akuzungumzie wewe badala ya kueleza darasa lake au maabara yake. Maana yake anatakiwa shahidi, na shahidi husahau. Profesa anayefundisha darasa la watu mia mbili huletewa mia mbili wengine kila mwaka, nao hufunika wale wa mwanzo kama mchanga wa kusi. Alama yako ya B+ atakayeitaka ataipata kwenye kompyuta hata baada ya miaka 20. Lakini ile siku jaribio lenu lilipoharibika, ukabaki mpaka usiku kulirudia huku wenzako wakibandika majibu ya mwaka jana, hiyo imo katika kichwa cha mtu mmoja tu, na inafifia hivi sasa ninavyoandika.

Sasa zitakaa wapi.

Maombi ya vyuo vingi hupitia AMCAS, huduma ya hao hao AAMC. Vyuo vya umma vya Texas vina mlango wao, TMDSAS, na vyuo vya osteopathi, tawi la pili la udaktari huko, vina AACOMAS. Wengi hudhani wataweza kuzituma barua AMCAS leo zikae huko mpaka wawe tayari, lakini haiwezekani. AMCAS hupokea barua za maombi ya mwaka ule tu, baada ya wewe kufungua fomu ya mwaka ule, na fomu hufunguliwa mwezi wa tano. Tena hawaweki akiba: anayeomba mwaka huu akakosa, mwaka ujao barua zake hutumwa upya zote. Hivyo unahitaji ghala la katikati. Linalojulikana zaidi ni Interfolio. Unafungua akaunti, unalipa ada ya mwaka, unampelekea profesa ombi, naye anaipakia barua mwenyewe. Wewe utaona tu kwamba imefika, ndani huoni. Siku ya kuomba ikifika, AMCAS itakupa namba kwa kila barua, utaipeleka namba hiyo Interfolio, nao watairusha barua bila profesa kuguswa. Hata akiwa amestaafu na kuhamia kwa wajukuu, barua yake ipo. Baadhi ya vyuo vina faili za namna hiyo katika ofisi zao za ushauri na hawatozi kitu, hata kwa waliokwisha kuhitimu. Uliza kwanza chuoni kwako kabla hujatoa hela.

Utaulizwa pia kama unaiacha haki yako ya kuisoma barua. Haki hiyo imo katika sheria yao ya mwaka 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi, nayo ni haki ya kweli, lakini iache. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huhesabiwa kama sifa za harusini: hakuna mgeni atakayesema wali ulikuwa mbichi.

Jambo jingine la kuuliza chuoni, na hili uliulize mapema kuliko yote: je, wana barua ya kamati? Baadhi ya vyuo vina kamati ya wanaokwenda udaktari, ambayo hukuhoji, hukusanya maoni ya walimu wako na kuandika barua moja kubwa kwa niaba ya chuo. Kama chuo chako kinayo, vyuo vya udaktari vitatarajia kuiona, na ikikosekana huenda wakauliza sababu. Shida ni kwamba kamati hizi huanza kazi mapema, mara nyingi katikati ya baridi kabla ya mwezi wa tano wa kuomba, na kila moja ina masharti yake kwa waliohitimu zamani. Nyingine huwapokea, nyingine huwapokea kwa mwaka mmoja au miwili tu. Miaka yako miwili inaweza kukupitisha nje ya mlango bila wewe kujua. Andika uulize, na jibu ulihifadhi.

Halafu tuhesabu hiyo miaka. Anayetuma maombi mwezi wa sita huingia darasani mwezi wa saba au wa nane wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo ukiomba baada ya miaka miwili, utakuwa umekaa nje mitatu. Usitishike. Zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari vya Marekani siku hizi wamekaa nje mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo hakuna atakayekuona mvivu. Ila hesabu hiyo inagusa tarehe za barua. Barua ya miaka mitatu nyuma, iliyokaa kimya, husomeka kama maziwa yaliyolala. Dawa yake ni kuiomba sasa, ikaandikwa na kuhifadhiwa, kisha mwezi wa pili au wa tatu wa mwaka wa kuomba ukarudi kwa yule yule na kumwomba mambo mawili: abadilishe tarehe, na aongeze aya moja ya yale uliyoyafanya tangu muachane. Kwake ni kazi ya dakika 15, maana barua anayo. Akishindwa, au akiwa hayupo tena, bado ile ya zamani unayo ghalani. Barua kongwe inayokukumbuka naipendelea kuliko mpya isiyokujua, na wengi niliofanya nao kazi wangesema hivyo hivyo.

Profesa wako wa kemia ndiye wa kwanza, kwa sababu ulizozitaja mwenyewe. Barua ya kumwomba utaiandika kwa Kiingereza bila shaka, lakini mambo yake ni haya. Anza kwa kumkumbusha wewe ni nani kwa kitu anachoweza kukiona, usimtajie namba ya usajili: «Mimi ndiye niliyekuwa nikija ofisini kwako Alhamisi na maswali ya hidrokaboni, na ndiye niliyevunja kondensa ile ya kioo siku ya kwanza ya maabara.» Halafu mweleze ulipo na kwa nini, mistari miwili. Halafu ombi lenyewe, nalo liwe na neno moja ambalo wengi hulisahau: mwulize kama anaona anaweza kukuandikia barua *yenye nguvu*. Neno hilo ni mlango wa kutokea. Asiyekukumbuka vizuri atatoka kwa heshima, akisema kwamba pengine mwingine angekufaa zaidi, na hapo amekufanyia hisani kubwa. Na akikujibu kwamba «anaweza kuandika kitu», jibu hilo lielewe kama unavyoielewa inshallah ya mtu anayetazama pembeni. Mshukuru, umwendee mwingine.

Akikubali, umpelekee faili moja, si kumi: ukurasa mmoja wa historia yako, matokeo, na nusu ukurasa wa mambo unayoyakumbuka ya darasa lake. Hiyo nusu ukurasa ndiyo yenye thamani. Iandike leo usiku, kwa walimu wote, hata ambao bado hujaamua kuwaomba, kwa kuwa wewe pia utasahau.

Kuhusu nani wa kumwomba, vyuo vinatofautiana, ila ukiwa na walimu wawili wa sayansi waliokufundisha darasani, mmoja asiye wa sayansi, na mtu mmoja aliyekuona ukifanya kazi na watu, umevitosheleza vingi. AMCAS inaruhusu mpaka barua 10, na hilo watu huligeuza mashindano. Barua nne za wanaokujua zinatosha, tano kwa shida. Tena, ukishatuma maombi unaweza kuongeza barua lakini kufuta huwezi, kwa hiyo usijaze nafasi kwa pupa. Na kama aliyekujua hasa ni msaidizi wa maabara, yule mwanafunzi wa shahada ya juu aliyekuwa akisahihisha kazi zenu, mwombe aiandike na profesa atie sahihi pamoja naye. Hilo linakubalika kabisa, na barua hizo mara nyingi ndizo zenye damu.

Haya, tuje Lamu.

Umeuliza kama Wamarekani wataijali barua ya daktari wa huku. Wataijali, na pengine kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee itakayosema ulifanya nini katika hii miaka ambayo profesa wako hakuiona. Tatizo liko katika namna tunavyoandika. Mimi nimezisoma barua za kwetu, za Mombasa, za Nairobi, za hapa hapa Malindi, na nyingi ukizifasiri zinakwenda hivi: «Yahusu mwenye kuhusika. Aliyetajwa hapo juu anajulikana kwangu. Ni mtu mwenye bidii, nidhamu, mcha Mungu na anashirikiana vyema na wenzake. Msaada wowote atakaopewa utathaminiwa.» Kisha sahihi, kisha muhuri wa zambarau wenye tarehe. Kwetu hiyo ni barua nzito. Muhuri ule umefungua milango mingi. Kule ataisoma mtu wa kamati ambaye asubuhi ile ameshasoma barua 30, aigeuze aone kama nyuma kuna kitu, hakuna, aiweke. Hatasema ni mbaya. Haitamwambia kitu, na kwao barua isiyosema kitu hudhaniwa kwamba mwandishi alikuwa hana la kusema.

Sasa tazama hii nyingine. Niliisaidia kuzaliwa hapa nyumbani miaka michache iliyopita, kwa binti aliyekuwa akijitolea kliniki moja ya kaskazini ya hapa. Klinikal ofisa aliyemsimamia aliandika kwamba siku moja ya foleni ndefu alikuja mzee wa Kigiriama asiyesikia vizuri, na karani alikuwa akimpigia kelele kwa Kiswahili. Binti akamsogeza mzee kivulini, akakaa chini kwenye saruji ili mzee aone midomo yake, akamwuliza kwa Kigiriama ametumia dawa zake vipi. Ikabainika mzee alikuwa akimeza za wiki nzima siku za Jumatatu, maana ndivyo alivyoelewa. Binti hakumwambia mzee kitu; aliinuka akaja kumwita yeye, tabibu. Barua ilimalizia: «Nimesimamia wanafunzi wa kujitolea kwa miaka sita. Wengi wangemwonya mzee wenyewe. Huyu alijua mwisho wa kazi yake uko wapi.» Haikuwa na *mcha Mungu* wala *nidhamu*, na aliyeisoma aliviona vyote viwili.

Utampataje daktari wako aandike hivyo? Kwanza usimwombe akiwa anapita koridoni, maana atakwambia sawa, na sawa hiyo itazaa muhuri. Mwombe dakika 20 siku asiyokuwa zamu. Mweleze kwamba huko unakoomba wanataka kisa kimoja au viwili alivyoviona kwa macho yake, na wanapenda ulinganisho: miongoni mwa vijana aliowasimamia wewe uko wapi. Kwetu kulinganisha watu kwa maandishi ni kama kuwavunjia heshima wale wengine, kwa hiyo mhakikishie kwamba hatamtaja mtu kwa jina. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali, na sahihi yake. Muhuri apige akipenda, haudhuru.

Na kuna jambo litakalotokea, nakuambia mapema ujiandae. Atakwambia: «We iandike, nitatia sahihi.» Anasema kwa wema. Ana wagonjwa nje, na kwake hiyo ni kukuamini. Usikubali. Kwanza si haki, kwa sababu barua inatakiwa iwe ushahidi wa mtu mwingine, nawe utakuwa umetia tiki kwamba umeiacha haki ya kuisoma. Pili itajulikana. Msomaji wa kamati ana insha yako mkononi, na mtu hawezi kujificha katika sentensi zake mwenyewe. Nimeona barua ya daktari na insha ya mwombaji zikiwa na kosa moja la herufi, neno lile lile. Mpe njia nyingine. Kama uandishi wa Kiingereza unamchosha, aseme kwa sauti kwenye simu yake, kwa Kiswahili kama anavyozungumza, halafu karani wa hospitali au mwenzake aandike na kufasiri, yeye aisome na kusahihisha mpaka iwe yake. Karani awe mtu mwingine, si wewe na si binamu yako. Kisha aipakie kwa simu yake mwenyewe. Ukiona anasumbuka na kiungo, mwelekeze ukiwa umesimama upande wa pili wa meza.

Hapa lazima nikuonye jambo ambalo kwetu ni sifa na kule ni aibu. Hospitali zetu zina uhaba wa watu, na kijana mwenye mikono mizuri hujikuta ameambiwa ashike sindano, ashone kidonda, asaidie mzazi. Ukiwa huna mafunzo wala leseni, usifanye, hata ukiambiwa. AAMC wana mwongozo maalumu juu ya wanafunzi wanaokwenda kupata uzoefu wa hospitali nje ya Marekani, na msimamo wao ni kwamba usifanye kwa mgonjwa jambo ambalo hujafundishwa wala kuruhusiwa kulifanya. Daktari wako, akitaka kukupamba, anaweza kuandika kwa fahari kwamba ulishona majeraha saba peke yako. Barua hiyo itakuumiza. Mwambie waziwazi kwamba kupima presha, kuwaelekeza wagonjwa, kufasiri kwa wanaotoka Faza na Kiunga, kukaa na mzee anayengoja boti ya kurudi, ndiyo kazi inayotakiwa kuonekana, na wala si ndogo.

Wengine watajitokeza kukuandikia bila kuombwa. Mheshimiwa diwani, mjomba daktari aliye Mombasa, sheikh wa msikiti wa mtaani. Wapokee kwa heshima, uwashukuru, barua zao uziweke sandukuni. Jamaa haandiki, hata awe bingwa wa upasuaji. Sheikh aandike tu kama kweli mmefanya kazi pamoja, tuseme umefundisha watoto madrasa miaka mitatu akikuona, na hapo aandike juu ya hiyo kazi.

Kuhusu ugonjwa wa mama, walimu wako waambie tu kwamba umerudi kwa sababu ya familia. Hiyo inatosha kuwazuia wasibuni sababu yao wenyewe ya kueleza kwa nini umekaa nje. Mengine ni yako, uyaseme kwenye insha ukitaka, kwa kipimo unachokitaka. Barua si mahali pake.

Nawe usiziache barua zikamaliza fikra zako zote. Kama huna uraia wala makazi ya kudumu ya Marekani, vyuo vingi havitakupokea hata ukija na barua ya malaika, na baadhi ya vinavyopokea hutaka uonyeshe fedha ya ada mapema. AAMC wana orodha mtandaoni inayoitwa MSAR inayosema kila chuo kinapokea nani na kinataka barua gani; tengeneza orodha yako kutoka hapo kabla hujajua unamwomba nani mwingine. Na MCAT, mtihani wao wa kuingilia vyuo vya udaktari, usiufanye mapema mno, maana vyuo vingi havikubali alama zilizopita miaka miwili au mitatu.

Umesema unaona haya. Haya hiyo naijua, nimelelewa nayo, na nisingependa uipoteze yote. Lakini mwalimu wa Kimarekani akiombwa barua hajisikii amebebeshwa mzigo. Kuandika barua ni sehemu ya kazi yake kama kusahihisha mitihani. Kinachomkera ni kuombwa siku nne kabla. Mpe wiki sita. Baada ya hapo mwandikie mara mbili kwa mwaka, mistari mitano, bila ombi lolote: nimefanya hili, nimesoma lile, bahari imechafuka wiki nzima na boti za Mokowe hazikwenda. Sisi tungeita hiyo kwenda kumjulia mtu hali. Mmoja wa maprofesa niliofanya nao kazi alikuwa na jalada la salamu za namna hiyo kutoka kwa wanafunzi wa zamani, na ilipofika siku ya kuongeza ile aya ya mwisho alikuwa hana haja ya kuuliza kitu.

Kwa hiyo anza na wa kemia, leo. Ukituma saa mbili usiku baada ya Isha, kwao Minnesota ni saa sita mchana. Wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa kumi na moja, itakuwa saa tano asubuhi. Atakuwa ofisini, na ile kondensa ya kioo bado anaikumbuka.